Skrubu ya Saba

Skrubu sita zilikuwa na nukta nyekundu. Ya saba haikuwa nayo.

Nilikuwa nimefungua paneli ya mashine ya kukoboa mpunga hapa Kasansa, ile niliyoifunga mwenyewe mwezi wa tano. Kila skrubu nikishaikaza kwenye bloku ya kugawia umeme, huwa naitia tone la rangi ya kucha. Ndiyo alama yangu. Fundi yeyote wa Mpanda akiiona anajua kazi ni ya nani, na kwamba imekamilika.

Niliigusa ile ya saba kwa kidole. Ikazunguka. Waya wa ethi, ule unaopeleka shoti ardhini isimpige mtu, ulikuwa umechomoka.

Nikakumbuka. Siku ile nilibakiza moja, Eufrazia, mke wa mwenye mashine, akaniita nile wali ungali wa moto.

Sasa alisimama nyuma yangu, kajifunga kitambaa cheusi kichwani, akinimulikia ndani ya paneli kwa simu ya mumewe tuliyemzika Jumanne.

"Fundi," akasema, "wanasema umeme ulimpiga kwa sababu alishika mashine kwa mikono yenye maji. Kwamba ni uzembe wake. Hata padri kaambiwa hivyo."

Nilirudisha waya, nikakaza skrubu hadi bisibisi ikanichubua kiganja. Kichupa cha rangi kilikuwa mfukoni.

"Ni kweli, fundi?"

Nikafungua kifuniko. Tone likadondokea pembeni.

"Ni kweli, shemeji."

Akasogeza simu karibu zaidi, ili nione vizuri.