Sita Juu ya Kumi

Tangu asubuhi Mbeyu hatulii, mara akae kitandani, mara aende dirishani, na bahasha mkononi hajaifungua. Miaka miwili hajasemeshana na baba yake. Mwezi uliopita ndipo akamwandikia barua ya kuomba msamaha, tena kwa Kiingereza, maana mzee alikifundisha maisha yake yote na hakuna kingine kilichomfurahisha.

Kadzo, anayekaa naye chumba kimoja, akachoka. "Fungua bwana, unanitia kizunguzungu!"

Akafungua. Kumbe ni barua yake mwenyewe imerudishwa, imejaa wino mwekundu. Koma zimeongezwa, vitenzi vimekatwa, na pembeni kuna sita juu ya kumi.

Kadzo alicheka mpaka akashika mbavu. "Shoga, si umepasi!"

Mbeyu hakucheka. Chini kabisa mzee alikuwa ameandika yale aliyowaandikia wanafunzi wake wote: "Fanya masahihisho. Lete mwenyewe, nisahihishe mbele yako."

Akavuta karatasi safi, akaanza kunakili. Alipofika mstari wa tatu akagundua anaandika amesimama, na viatu keshavaa.