Kitendawili cha Kupigia Kampala

"Mimi ni Marcelline wa duka la vitenge, Koboko. Nipe Kampala."

Marcelline mwenyewe alikuwa amesimama posta ya Arua, ubavuni mwa opereta, wamegawana kisikizio kimoja. Kilikuwa cha moto sikioni, kikinukia mafuta ya nywele. Kwa hiyo ndiye huyu anayepiga simu za mbali kwa jina lake, deni likimwangukia yeye, mpaka posta ikaonya kwamba itamkatia laini! Na duka bila simu lingeagizaje mzigo?

"Kitendawili," opereta akasema, kama walivyopatana asubuhi: kila anayejiita Marcelline ajibu kwanza.

Sauti ikacheka. "Michezo gani hii? Haya, tega."

"Mtoto yangu iko na mkia mrefu. Akilia, nashika yeye shingo."

"Si simu hiyo! Nani hajui? Nipe Kampala, dada!"

Ndivyo kila mtu angejibu. Ndiyo maana jibu la siri alilochagua Marcelline lilikuwa mbuzi, ingawa mkia wa mbuzi ni mfupi.

Opereta akamsogezea kinywa cha simu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Marcelline akakaza kitambaa chake kichwani, akainama.

"Marcelline iko hapa, mama," akasema kwa sauti yake ya sokoni. "Wewe iko nani?"