Isilale Nyuma

Akiwa chali chini ya pikapu, fundi aliona viatu tu: buti mbili za mpira, zimejaa tope bichi hadi juu. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi uliopita.

"Fundi, bado sana?"

"Springi haina mchezo, mzee. Nikilipua kazi, utaiacha ekseli njiani."

Buti zikaenda hadi mlangoni, zikasimama, zikarudi. Tangu aingie gereji, yule mtu hakukaa kitako hata mara moja.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya kijani, bodi imenyooka, gari la kumfanya fundi yeyote ameze mate. Ila nyuma ilikuwa imekaa chini kama kuku anayeatamia. Jani kubwa la springi ya kushoto, kile chuma kirefu kilichopinda kinachobeba uzito, lilikuwa limekatika vipande viwili. Pale lilipokatika palikuwa pangali panang'aa. Lilikatika leo leo.

"Ulibeba nini?" fundi aliuliza.

"Mzigo." Mteja alionyesha kwa kidole lori bovu lililooza uani. "Toa majani kule, uongeze huku. Nataka ibebe mara mbili ya uwezo wake, na isilale nyuma ikipanda mlima."

"Ikiwa tupu itakurusha kama mpira."

"Haitakuwa tupu."

Wala hakuuliza bei. Fundi aliona ajabu, lakini kazi ni kazi. Akafungua majani ya lori, akayapanga juu ya yale ya zamani, refu kwa fupi, akayabana. Mteja mwenyewe alimshikia jeki.

Fundi alipopanda nyuma kuangalia kama bodi imekaa sawa, aliiona. Ndala. Ya waridi, ndogo, ya mtoto aliyeanza kutembea juzijuzi. Ilikuwa imenasa kwenye kona, mkanda umekatika.

Akashuka polepole, akajifanya hakuona kitu.

Simu ya mteja ikalia. Alijitenga pembeni, lakini gereji ya mabati haifichi neno.

"Ndiyo, mkuu... Hapana, sijamwambia mtu yeyote... Nimeelewa. Mpaka jioni."

Fundi aliingia tena chini ya gari, maana huko angalau uso wake haukuonekana.

Hapo ndipo mkewe alipofika na chakula, mdomo umetangulia kama kawaida yake. "Usininunie, baba watoto, najua nimechelewa. Hayo maji ya bomba leo yanatoka mekundu kama chai, nimeyachuja mpaka mkono umekufa ganzi. Shikamoo, mzee."

Buti ziliacha kutembea.

"Marahaba, mama," mteja alisema. "Mna watoto?"

"Pacha! Wamenimaliza nguvu hao, usiwaone."

"Wako wapi sasa hivi?"

"Shule, hapo bondeni."

"Wanatoka saa ngapi?"

Fundi alichomoka chini ya gari kwa kasi hata akajigonga paji la uso. Alimshika mkewe mkono, akamsogeza hadi nje ya mlango.

"Nenda kawachukue watoto. Sasa hivi."

"Chakula chako—"

"Kiache! Wachukue, mjifungie ndani. Usimfungulie mtu."

Mama watoto alitazama damu iliyoanza kumchuruzika mumewe usoni, akafungua kinywa kwa utani, kisha akaona macho yake. Alikaza khanga, akaondoka mbio.

Fundi alirudi ndani. Alitamani kumfuata mkewe, lakini akimwacha mtu huyu, nani atajua ameelekea wapi? Akalala tena chini ya pikapu na spana mkononi. Zilibaki bolti za kufunga springi kwenye ekseli. Alizitazama kwa muda. Kisha akazizungusha kwa vidole tu, zikashika kidogo, akaiweka spana chini bila kuitumia. Ikianza kupanda mlima na mzigo, ekseli itahama mahali pake, na huyo mwizi wa watoto wa watu hatafika mbali.

"Tayari," alisema.

Mteja aliingia ndani ya gari, akawasha injini. Fundi alisimama mbele ya boneti. Hakujua miguu yake ilimfikishaje pale.

"Huondoki mpaka uniambie unakwenda kubeba nini."

"Nipishe, fundi."

"Unabeba nini?"

Mteja alishika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilimtiririka kama mtu mwenye homa.

"Watu," alisema.

"Nitaita polisi!"

"Ita. Nimewapigia tangu alfajiri, wananiambia ningoje amri." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Na wanaotoa amri wameshahamisha familia zao. Mimi nimeambiwa nikifungua mdomo nitaleta vurugu. Nimewapandisha majirani zangu mlimani, safari moja tu, springi ikakatika."

Fundi aligeuza macho kwenye spana aliyoiacha chini bila kuitumia.

"Mkimbilie mkeo, mlete na hao pacha, wapande wa kwanza," mteja alisema. "Mimi ndiye mlinzi wa bwawa la juu, ndugu yangu, na ule ukuta hautafika jioni."