Kilichomshukia Asio

Kila Asio alipoanguka kanisani, Pasta Omoding alivua saa yake na kuitia mfukoni, maana ibada isingeisha tena karibuni.

Mara ya kwanza, mwaka wa tisini na nne, ilikuwa bahati tu. Asio alikuwa ameketi nyuma. Akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akasimama na kutangaza kwamba ng'ombe amepanda treni. Kesho yake treni ya mizigo ikamkuta fahali wa Mzee Ikapel relini, karibu na stesheni ya Malaba, ikamsambaza hadi upande wa Uganda. Jumapili iliyofuata Asio alikuwa na kiti chake mbele, chenye kitambaa.

Nerima, mke wa kaka yake, alijua kilichokuwa kikimsumbua. Ni yeye aliyeitunza chupa ya insulini kando ya mtungi wa maji ili isiharibiwe na joto. Muuguzi alikuwa amewaeleza vizuri: ukishajidunga sindano, kula. Usipokula, sukari ya mwilini inashuka, unatetemeka, unaropoka, unazimia, na ukiachwa hivyo unaweza kufa. Dalili zikianza tu, tafuta kitu kitamu.

"Pasta, ni sukari imeshuka," Nerima alimwambia Omoding siku moja.

"Mama, aliyeshuka ni Roho," Omoding akajibu. "Sukari itajulia wapi mambo ya treni?"

Lakini Omoding hakuwa mjinga. Aligundua kwamba unabii hauji Asio akiwa ameshiba. Basi mkutano mkubwa ulipokaribia, wageni wakitarajiwa kutoka Bumala hadi Tororo, akatangaza kwamba nabii atafunga. Hata uji asionje. Asubuhi ya mkutano wahudumu wa kanisa walimfuata nyumbani, wakamkuta ndiyo kwanza amejidunga sindano. Wakamwinua. Uji ulibaki mezani ukishika utando.

Nerima alifunga kipande cha sukari nguru kwenye pindo la leso yake, kikubwa kama ngumi ya mtoto, akawafuata mbio.

Asio hakuwa mtu wa maneno. Akiwa mzima kabisa, hata kuomba chumvi kwa jirani kulimtoa jasho na kumtetemesha mikono. Siku hiyo, wakati wa nyimbo za kuabudu, alimwinamia Nerima begani na kumkumbatia kiunoni kama mtoto anayelia, mpaka mhudumu alipokuja kumrudisha kwenye kiti chake.

"Nabii hakai na watu ovyo," mhudumu alisema.

Kanisa lilikuwa la mabati na jua lilikuwa limeyashika sawasawa. Madereva wa malori, waliochoka na foleni ya mpakani, walichungulia madirishani. Omoding alihubiri jinsi Eliya alivyolishwa na kunguru, huku macho yake yakirudi kila mara kwenye sahani za kuku zilizofunikwa mezani. Firigisi, kama kawaida, ilikuwa yake. Mwanamke hagusi firigisi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Ndipo mikono ya Asio ikaanza kutetemeka.

Nerima aliona jasho likimtiririka usoni. Akashika pindo la leso. Fundo lilikuwa limefunguka. Akapapasa kiunoni, akatazama chini ya benchi, akakung'uta Biblia. Hakuna kitu.

"Nani ako na kitu tamu?" aliuliza. "Peremende? Soda?"

"Si nabii amefunga, mama," mwanamke wa benchi la nyuma akamkumbusha.

Akakimbilia mlango. Mhudumu akaweka mguu.

"Unaenda wapi, na Roho ndiyo hii inashuka?"

"Huyu msichana atakufa."

"Akifa akitoa unabii, hiyo ni kupandishwa cheo."

Asio alikuwa ameshasimama, anayumba. "Nyanya," akasema. "Nyanya zimevaa raba."

"Amina," watu wakaitikia.

Omoding akafungua mdomo afasiri, lakini Asio akamwahi.

"Omoding," akasema, kwa sauti nzito ambayo hata Nerima hakuijua. "Mtumishi wangu Omoding. Tumbo lako limetangulia, imani yako iko nyuma inauliza njia."

Nje, dereva mmoja akazima injini ili asikie.

"Utafunga wewe. Utaanza leo, kabla ya kuku. Utafunga mpaka suruali ishuke yenyewe. Na Asio asinyimwe chakula tena. Akitaka uji, apewe. Na firigisi, kuanzia leo, ni yake."

"Fasiri, Pasta," Mzee Ikapel akasema.

Omoding akajipangusa shingo. "Wapendwa, neno hili lina mafumbo mazito."

"Mimi sijaona fumbo. Hata ng'ombe hakuwa fumbo, alikuwa ng'ombe wangu. Suruali ni suruali."

"Amina," wakaitikia, kwa nguvu zaidi ya mara ya kwanza. Mwanamke mmoja tayari alikuwa ameisogeza sahani ya pasta.

Asio akaanguka.

Dereva wa dirishani akapitisha chupa ya soda juu ya vichwa vya watu. Nerima akaipokonya, akaifungua kwa meno, akapiga magoti na kumwinua kichwa wifi yake. Kwa haraka, soda ikamwagikia leso.

"Kunywa, wifi," akasema huku akilia. "Tafadhali, kunywa."

Asio akafungua jicho moja na kusogeza mdomo sikioni mwake.

"Kunywa wewe, wifi. Ile sukari nguru yako niliimaliza yote tukiimba. Niache nibakishe nafasi ya firigisi."