Fuko na Namba za Milangoni

Enzi zile wanyama walipoandika namba milangoni, Fuko alichimba njia ya kuunganisha shimo la Panya na shimo la Nungunungu. Kumbe vyumba vya pande zote mbili vilianzia namba moja. Mtoto wa Nungunungu akashikwa na homa katika chumba cha saba. Sisimizi wakabeba dawa kutoka kwa Panya, wakaishia chumba cha saba cha Panya mwenyewe, maana wao huutua mzigo penye namba ya kwanza inayolingana.

"Mzee Panya, badilisha namba," Fuko akasihi, mgongo ukimuuma.

"Mie niliyetangulia kuhamia? Abadilishe huyo mwenye miiba!"

"Thubutu!" Nungunungu akafoka.

Fuko akashinda akienda na kurudi, akibembeleza kama mshenga wa ndoa mbovu. Mwishowe kila mmoja akaona haya, akafuta namba zake kimyakimya ili kumpisha jirani. Wote wawili wakaanzia mia moja na moja.

Dawa ya chumba cha mia moja na saba ikaishia tena kwa Panya.

"Walipogombana niliwaweza," Fuko akaguna. "Sasa wamehurumiana, wamenimaliza." Akaibana dawa mdomoni, akatoka juani na macho yake yasiyoona, akaenda mwenyewe kumnywesha mtoto.