Utando wa Banda la Mbata

Pikipiki ilikuwa imekwisha kuipita Msambweni ndipo Hanifa alipoona kwamba ametoka na ndara moja yake na moja ya mumewe. Hakurudi. Alimwambia Chome, mwenye pikipiki, "Kaza, kaka. Usiangalie nyuma."

"Dada, mimi sikukuona," alisema Chome. "Wallahi, leo sijabeba mtu."

Kikoneni alipokewa na shangazi yake, Mwanapili, aliyemlea tangu kuachishwa ziwa. Mwanapili alilitazama lile jicho la kushoto lililovimba mpaka likafunga. Akamsongea ugali.

"Ni hao buibui wake," Hanifa alisema, akitafunia upande mmoja. Mumewe, Swabir, alikuwa mpiga picha za buibui wa majumbani. Alizipiga kwa karibu mno, mdudu wa ukubwa wa kunde akatokea mpana kama sinia, na mahoteli ya Diani yakazitundika kumbini. "Mimi ndiye mshika taa. Taa ikitikisika, kofi. Ana mmoja kwenye chupa, kilema, mguu mmoja hana. Jioni humweka dirishani, alfajiri amekwisha kufuma, bwana anapiga picha. Huyo humlisha nzi kwa kibano, shangazi. Mimi nikila ananihesabia matonge."

"Kumbe mwanangu umeingia uke wenza, na mwenzio ana miguu saba!"

Hanifa alicheka, akajishika taya. Halafu akaacha kucheka. "Akinipata ataniua. Amekwisha kusema, na yeye hasemi mara mbili."

Mwanapili alijua nyumba ya kwanza kupekuliwa itakuwa yake. Nyuma ya mihogo palikuwa na banda la kuhifadhia mbata za nazi, kuta za udongo, halina dirisha, mlango wa mbao na komeo nje. Kabla ya magharibi alimwingiza Hanifa, akamtandikia mkeka kati ya magunia, akamwachia kikombe cha maji.

"Hata nikikuita mimi, usijibu. Mpaka nifungue mwenyewe."

Akatia komeo.

Alipokwisha kuswali alfajiri alichukua birika na mahamri, akapita mihogoni. Nusura birika limponyoke. Kutoka mwimo wa mlango mpaka kwenye komeo palikuwa pametandwa utando mzima, umande unameta, na buibui katulia katikati.

Mwanapili hakuwahi kufagia utando maishani mwake. Nani pale asiyejua habari ya Mtume pangoni, buibui akaufunika mlango, maadui wakaona wakarudi? Aliisikia tangu mdogo. Hakutaraji kuiona kwenye banda lake.

"Hanifa," alinong'ona penye ubao. "Mungu ametuwekea pazia. Tulia hivyo hivyo."

Kimya. Mwanapili akafurahi. Mtoto msikivu. Akarudi na chai, akainywa mwenyewe.

Jua lilipopanda, Swabir alifika na Rai, mzee wa kijiji. Alikuwa amepiga pasi shati, kamera kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona asubuhi yote hii?"

"Mke wangu amepotea. Nimemwomba mzee Rai awe shahidi, isije ikasemwa nimevamia nyumba ya mtu."

Walitazama uvunguni, jikoni, chooni. Kisha wakashika njia ya mihogoni, na Mwanapili nyuma yao. Rai alinyoosha mkono kwenye komeo, akaurudisha kama aliyeungua.

"Astaghfirullah! Utando mzima huu. Hapa hajapita mtu."

"Mwambie, mzee," Mwanapili alidakia. "Hata maadui wa Mtume waliona wakarudi. Huyu kijana ana haraka kuwashinda wao?"

Rai aliangua kicheko. Swabir alipiga magoti, akasogeza kamera karibu kiasi cha kutaka kumbusu yule mdudu. Taa ya kamera ikamulika. Akamwonyesha Mwanapili kwenye kioo: macho manane, meusi, mang'avu kama shanga.

"Mashaallah," alisema Mwanapili. Roho ilikuwa imeshuka mahali pake.

"Niapie tu, mama, kwamba mlango haujafunguliwa. Nitakwenda zangu."

"Wallahi, tangu jana magharibi hapana aliyeugusa."

Aliapa bila kutetemeka, kwa sababu kwake ilikuwa kweli.

"Mzee, umesikia," alisema Swabir. Akashukuru, akaondoka.

Mwanapili hakufungua. Aliogopa mtego, asije akarudi ghafla. Kutwa alipitapita karibu na banda akiimba chini chini, mtoto ajue hayuko peke yake. Magharibi alimwomba buibui radhi, akauondoa utando kwa kijiti, akavuta komeo.

Hanifa alikuwa mkekani, gunia tupu limemwangukia usoni. Kikombe cha maji kilikuwa kimejaa vile vile.

Walimzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Daktari alisema pumzi zilimkatika. Watu wakasema ni joto, na mtu gani humfungia mtoto ndani ya banda lisilo dirisha? Polisi waliuliza kama kuna aliyeingia. Rai alisema hapana, utando aliuona kwa macho yake. Picha ya Swabir ilikuwa na tarehe na saa. Mwanapili alirudia kiapo chake, safari hii akilia.

Rai angali mzee wa kijiji. Chome ana pikipiki mpya. Swabir ameoa tena, huko Tiwi, na bibi harusi amekwisha kufundishwa kushika taa. Ndugu hawamsemeshi Mwanapili. Wakikutana naye sokoni wanahamia upande wa pili. Aliyemhurumia ni Swabir peke yake. Siku ya arobaini alimletea ile picha, imekuzwa, imetiwa kwenye fremu, iwe kumbukumbu.

Ameitundika juu ya kitanda. Kila asubuhi huipangusa vumbi kwa ncha ya leso, pole pole: macho manane, miguu saba.