Uzito wa Boma

Katika nyanda za Olkeri, kila boma hupewa uzito ambao ardhi yake inaweza kuubeba. Udongo wa huko ni laini kama unga na una kina kirefu, nao huihifadhi mvua chini kabisa. Lakini gamba lake la juu likivunjwa na kwato, upepo huupeperusha. Kwa hiyo kila mwezi watu na mifugo hupimwa langoni, na boma linalozidisha uzito wake kwa mara ya pili huhamishwa.

Mwezi huo mtoto wa Nasieku alikuwa amenenepa. Taa nyekundu ya mzani ikawaka.

“Tumtoe ng’ombe,” alisema Nasieku. Walikuwa wamebaki na mmoja tu wa maziwa.

“Halafu mtoto anywe nini, mate yako?” Seleina, mama mkwe wake, alimcheka. “Mwache. Nitapungua mimi.”

Nasieku alidhani ni mzaha, mpaka jioni, Seleina aliposema ameshiba kabla ya kuonja chakula. Kesho yake alisema hivyo hivyo.

Mwezi uliofuata Seleina alipanda mzani akiwa ameshikilia nguzo. Walipokwisha kupimwa wote, ikawaka taa ya kijani.

“Unaona, mwanangu?” alisema kwa furaha. “Na nafasi imebaki.”

Nasieku alimtazama mtoto, mashavu yamejaa maziwa, na kwa mara ya kwanza akatamani asikue haraka.